Maili moja ya Elvington: siku yangu kwenye njia ya ndege za kivita

Karatasi iko mbele yangu hapa mezani. Ni kipande chembamba kama risiti ya dukani, kimekunjwa mara mbili, na kimeandikwa 118.4. Hizo ni maili kwa saa, sawa na kilomita 190 na nusu, na ndiyo spidi ya kweli ya pikipiki yangu ilipopita alama ya maili moja kwenye njia ya kurukia ndege ya Elvington, karibu na mji wa York. Wakati huohuo spidomita ilikuwa inasoma 127.

Tangu niweke picha, wadogo zangu wa Tanga na Dar hawajaacha kuniuliza nimelipa hela yote ile ya siku moja ya kupimiwa spidi ili nipate nini. Nimepata hiyo karatasi. Ngoja niwaeleze kwa nini naona imenirudishia gharama yangu yote, maana najua wako Waswahili wengi huku Uingereza wenye pikipiki gereji ambao hawajui kwamba siku kama hizi zipo na kwamba mlango uko wazi kwa mtu yeyote mwenye leseni, vifaa na chombo kizima.

Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, barabara ya 14, na baba yangu ni fundi pikipiki mpaka leo. Pikipiki ninayoendesha ni Suzuki SV650 ya 2004, ya bluu, silinda mbili, nguvu farasi kama 70 ilipotoka kiwandani. Ninaitumia kwenda zamu na kurudi. Nataja hili mapema kwa sababu wengi wanadhani mbio za spidi ni za watu wenye mashine za mamilioni. Siku niliyokwenda mimi, nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo mzee mwenye kipikipiki cha cc 50, na mbele yangu Hayabusa, pikipiki kubwa ya Suzuki, yenye tabo ambayo ikipigwa resi unahisi mbavu zinatetema. Wote tulilipa ada ileile, na yangu ilikuwa kama malipo ya zamu yangu moja ya usiku. Wote tulipewa maili ileile.

Jinsi inavyokwenda ni rahisi. Hushindani na mtu aliye pembeni yako. Unasimama kwenye mstari peke yako, taa inawaka kijani kukuambia kwamba njia iko wazi, nawe unaondoka pale utakapokuwa tayari. Mwishoni mwa maili kuna miali miwili ya mwanga inayokatisha njia, na tairi likiikata mashine inahesabu muda kati ya mwali wa kwanza na wa pili. Basi. Hakuna anayekadiria, hakuna wa kumbembeleza. Unarudi polepole kwa njia ya pembeni, unapita kwenye kijumba cha wapima muda, unapewa karatasi yako.

Spidomita sasa. Baba alikuwa akituambia tangu tukiwa wadogo kwamba ile imewekwa kumfurahisha mwenye pikipiki, nasi tukiona ni maneno ya kifundi tu. Kumbe ni sheria kabisa. Kanuni za Ulaya haziruhusu spidomita isome chini ya mwendo halisi hata chembe, ila zinairuhusu ipandishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kiwanda hakitaki matatizo, kinaipandisha. Kwa hiyo yule kijana anayekuonyesha video ya simu mshale ukigusa 180 huko Segera, hajafika 180. Amehatarisha roho yake na ya waenda kwa miguu kwa ajili ya namba ambayo si ya kweli.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi, baridi ikiwa bado imekaa juu ya nyasi. Kitu cha kwanza kinachokushika ni ukubwa. Njia ina urefu wa mita 3,094. Ukisimama mwanzo wake huoni mwisho, unaona tu lami inapanda kidogo machoni kisha inayeyuka kwenye mwanga. Nimeishi mjini miaka 11, na sikumbuki mara ya mwisho kutazama mbali kiasi kile bila jengo kunizuia.

Uwanja ulifunguliwa 1942 kwa ajili ya ndege za Uingereza zilizokuwa zikienda kudondosha mabomu Ujerumani. Mei 1944 ukakabidhiwa vikosi viwili vya Wafaransa, namba 346 na 347, vijana waliotoka Afrika Kaskazini, wakirusha ndege za Halifax zenye injini nne. Lakini njia hii tunayokimbilia sisi si ya vita ile. Ni ya hofu iliyokuja baadaye, ya Vita Baridi. Miaka ya 1950 Wamarekani walimwaga hapo pauni milioni 4 za wakati huo, wakairefusha ibebe ndege nzito kupita zote, wakatandaza eneo la kuegeshea la ekari 49, kisha 1958 wakaondoka bila kuutumia kwa kazi waliyoujengea. Jeshi la anga la Uingereza nalo likaufunga 1992. Nilipokuwa nimesimama pale na chai yangu nilifikiria sana jambo hilo. Unene wote ule wa lami, unyoofu wote ule, vilikusudiwa mabomu. Nani leo angejenga kitu cha namna hiyo kwa ajili ya muuguzi na SV650 yake?

Mume wangu na watoto niliwaacha kwenye makumbusho ya ndege yaliyo hapohapo uwanjani. Mtoto wetu mdogo alirudi amejawa na habari moja tu: kwamba ile Halifax waliyoijenga upya, sehemu ya kiwiliwili chake ilikutwa kisiwa cha Lewis huko Scotland ikiwa banda la kuku. Alinisimulia mara tatu. Mwenye watoto, walete. Wanaobaki pembeni wana la kufanya.

Ukaguzi ndio uliokaribia kunirudisha nyumbani. Mkaguzi alikuwa mzee wa miaka kama 70, viganja vyake vina mistari myeusi ya oili isiyotoka tena, kama vya baba. Hakuanza na pikipiki, alianza na mimi. Helmeti akaigeuza, akatafuta stika ya kibali, akaingiza kidole chini ya mkanda wa kidevuni. Glavu akazivuta kwa nguvu kuona kama zitachomoka. Halafu akaniomba nigeuke, akainua koti langu kwa nyuma. Zipu inayounganisha koti na suruali ilikuwa ya shibiri moja tu, pale katikati ya mgongo. Akanyamaza kidogo. Kisha akashika mshono wa bega kwa vidole gumba viwili, akauvuta taratibu, na mbele ya macho yangu nyuzi zikaachia moja baada ya nyingine mpaka nikaona bitana nyeupe.

Suti hiyo niliinunua kwenye duka moja la mtandaoni lililoitangaza kuwa ya mbio. Nililipa pauni 240. Nilipowaandikia baadaye walinijibu kwamba nimeshaivaa, hivyo hawairudishi. Sitaki hela zangu tu. Ninachotaka ni mtu mwingine asilale juu ya lami akiwa amevaa kitu kile. Nimewahi kutoa mchanga kwenye mgongo wa kijana wa bodaboda, kwa brashi na maji ya chumvi, kwa muda wa saa mbili na nusu, naye akimwita mama yake. Kwa hiyo mzee aliponiambia kwa upole kwamba kwa suti ile sikimbii, sikubishana naye. Nilikaa chini pembeni ya pikipiki nikaanza kuvua buti.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye ukaguzi alikuwa ameona yote. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na suti ya kipande kimoja, nyekundu iliyopauka, magotini imechubuka kwa matumizi ya kweli. Alisema ilikuwa ya binti yake ambaye sasa ana mtoto mchanga na haendeshi. Hakuniuliza jina. Alinisaidia kuipandisha mabegani, akanifunga zipu kama mtu anavyomfunga mtoto wa shule, akanipiga begani mara mbili. Mnunuzi wa suti, sikia: bana mshono kwa vidole vyako mwenyewe kabla hujalipa, na kama ni vipande viwili hakikisha zipu inazunguka kiuno kizima.

Mkaguzi aliporudi safari hii alikwenda kwenye tairi. Herufi iliyoandikwa ubavuni ina maana yake: H ni mwisho kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Zangu W. Akapitisha ukucha kwenye kingo zake akitafuta nyufa, akapima cheni, akaminya breki ya mbele akaisukuma pikipiki, akabandika stika. Stika ile niliiangalia kama cheti.

Mara ya kwanza niliogopa, na karatasi ilisema hivyo: 104.7. Nilikuwa nimekaa wima kama naenda kazini. Mambo yanabadilika ukiingiza gia ya nne. Chini ya hapo upepo ni upepo. Kuanzia hapo unakuwa kitu kigumu, mkono wa mtu uliokuwekea kifuani na kukusukuma nyuma. Shingo inataka kuvutika. Macho yanaanza kutetema kwenye kioo cha helmeti. Fizikia yake haina huruma: ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa unakuwa mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda inakuwa mara nane. Ndiyo maana ile Hayabusa yenye nguvu mara nyingi kuliko yangu haikwenda mara nyingi kuliko mimi.

Aliyenifundisha kujificha na upepo ni yule mzee wa cc 50. Kwa mwenye injini ndogo kujificha ndiyo kila kitu. Aliniweka juu ya pikipiki ikiwa imezimwa, akanisukuma kidevu mpaka kikagusa tangi, viwiko akaviingiza mbele ya magoti, matako akayarudisha nyuma mpaka mwisho wa siti. Akaniambia nisitazame mbele kwa kuinua kichwa, niinue macho tu. Mara ya pili nikapata 111.9. Mara ya tatu 115.2. Maili kumi na nusu zaidi, na hakuna aliyegusa injini. Mzee mwenyewe alipata 61.3 kwa kile kipikipiki chake, na foleni nzima ikampigia makofi kuliko ilivyompigia mtu wa Hayabusa, kwa sababu kila aliyekuwa pale anajua kazi inayohitajika kukifikisha cc 50 hapo.

Ile ya 118.4 ilikuwa mara ya sita. Mawingu yalikuwa yameshuka, upepo umelegea. Taa ikawaka kijani, nikavuta pumzi mbili. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti ya injini inapanda kama mtu anayeuliza swali. Ya nne nikalala. Ya tano. Ya sita niliiingiza mapema kidogo kuliko mara zote, na hapo ukafika utulivu ambao sikuutegemea. Kelele ilikuwa kubwa lakini ilikuwa nyuma yangu. Mbele palikuwa na mstari mweupe tu, nami nausoma kama uzi unaopita kwenye cherehani. Mita 53 kila sekunde. Alama za pembeni zikaja, zikapita, na nikaendelea kushikilia mafuta hadi nilipoona ubao wa mwisho, kisha nikaachia taratibu na kuinuka, na upepo ukanishika mabega ukawa breki yangu ya kwanza. Safari nzima ni kama sekunde 37. Baada ya hapo unayo zaidi ya kilomita moja ya kupoza mwendo bila haraka, na katika ile kilomita nililia ndani ya helmeti. Sikujua nalia nini. Labda ni miaka yote ya kuendesha nikiangalia kamera, mashimo, malori, na hapa kwa mara ya kwanza pikipiki ilikuwa imeachiwa iseme yote iliyo nayo.

Sasa nizungumze kama muuguzi, kwa sababu sitaki mtu adhani nawaita kwenye mchezo wa watoto. Njia hii ina historia yake. Tarehe 20 Septemba 2006 mtangazaji wa televisheni Richard Hammond alipasukiwa na tairi la mbele hapahapa, ndani ya gari la injini ya jeti, kwa maili 288 kwa saa. Aliumia ubongo, akapona, na watazamaji wakachangia fedha nyingi kwa helikopta ya wagonjwa ya Yorkshire iliyombeba. Zef Eisenberg alianguka hapa 2016 na pikipiki ya injini ya helikopta, akavunjika vibaya, akasimama tena, na 1 Oktoba 2020 akafia hapa akiwa na gari. Huko Maine, Marekani, kwenye kambi ya zamani ya Loring iliyofungwa 1994, Bill Warner alifikisha maili 311.945 kwa saa juu ya pikipiki mwaka 2011, katika maili moja na nusu. Miaka miwili baadaye alifariki kwenye njia ileile akitafuta zaidi. Hawa walikuwa na vifaa bora. Mwendo wangu uko mbali sana na wao, lakini lami ni lami.

Kwa hiyo waandaaji niliwakagua na mimi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa ambapo linaweza kufika pande zote mbili, limeelekezwa njiani, wahudumu wako ndani na si kwenye foleni ya chipsi. Saa sita hivi mtazamaji mmoja alisikia maumivu ya kifua, likampeleka. Mbio zikasimama papo hapo, na zikabaki zimesimama mpaka gari jingine lilipofika. Kama dakika 40. Wengine walinung'unika. Mimi nilifarijika kuliko wakati wowote siku ile.

Kasoro zipo. Kwenye uwanja wazi namna hii hakuna pa kujificha na upepo, na kati ya zamu moja na nyingine unaweza kungoja nusu saa na zaidi, kwa hiyo njoo na koti zito, kiti cha kukunja na chupa ya chai yako. Chakula changu nilikinunua kwenye gari moja la baga pembeni, na nyama ilikuwa mbichi katikati. Nikairudisha, nikapewa ileile imepashwa. Pika wali wako nyumbani, ubebe. Kwa mtazamaji asiyeendesha, utaona mtu anaondoka, utasikia sauti, kisha atakuwa nukta. Utamu wote uko kwenye foleni na kwenye karatasi, si kwenye uzio.

Ila ukiwa ndani, unakuwa kwenye njia ambayo 2019 peke yake iliona mambo mawili ninayoyapenda kuyasimulia. Agosti Neil Campbell alivutwa na gari kwa baiskeli, akaachiwa, akapiga pedali nyuma yake kwa kilomita 280 kwa saa. Oktoba Guy Martin akaendesha trekta la kampuni ya JCB, tani tano, wastani wa maili 135.191 kwa saa, kwenda na kurudi ili upepo usimpendelee. Trekta. Lilinizidi mimi kwa maili 17, na nimelifurahia kwa moyo wangu wote.

Nilirudisha suti nyekundu imefutwa vizuri, nikamwachia yule mama mkebe wa visheti nilivyokuwa nimewapikia watoto. Mara ya mwisho kabisa nilikuwa nimepata 117.6, mkono wa kulia umechoka.

Usiku nikampigia baba kwa video, nikamwonyesha karatasi kwenye kamera. Kule ilikuwa imeshapita saa tano, alikuwa kitandani, mama akamshikia simu. Akavaa miwani, akaisoma, akaguna.

"Mizunguko ilikuwa ngapi hapo?"

"Elfu tisa na mia tano, baba."

"Injini yako nguvu inaishia wapi?"

"Elfu tisa hivi."

"Plagi umezitazama?"

Sikuwa nimezitazama. Akaniambia niende, yeye anasubiri. Nikashuka gereji na kandambili, nikainua tangi, nikatoa ya nyuma kisha ya mbele, nikazisogeza moja moja kwenye kamera chini ya taa. Zote mbili rangi ya chai ya maziwa. Akazitazama muda mrefu, uso wake ukiwa karibu na simu kiasi kwamba nilikuwa naona jicho moja tu.

"Haina kosa," akasema. "Sproketi ya nyuma, punguza jino moja. Halafu urudi huko."